Amesema mwenyewe

Yule dada aliyekuja intavyu ya kazi alikuwa amejibu maswali yetu yote vizuri, na sisemi hivyo kwa huruma. Tulimuuliza unafanya nini kama sapulaya hajakupa risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, mamlaka ya kodi, akatueleza bila kubabaika kwamba tangu Januari 2024 KRA haiitambui hiyo gharama wakati wa kupiga kodi ya kampuni, halafu akaongeza mwenyewe, hata hatujamuuliza, kwamba alipokuwa atachimenti alifungua daftari la kuwafuatilia sapulaya wa aina hiyo mmoja mmoja kabla mwezi haujaisha. Mimi nilikuwa nishamaliza kumpa maksi.

Ndipo mwenyekiti wa paneli akauliza lile swali la mwisho.

"Na mshahara, unatarajia ngapi?"

Akaangalia meza. Alikuwa na kalamu mkononi, akatoa kifuniko, akakirudisha, akakitoa tena. "Elfu 28 itanitosha, madam. Lakini tunaweza kuongea, hata ikiwa chini kidogo."

Hata ikiwa chini kidogo.

Mbele yangu kulikuwa na karatasi ambayo yeye alikuwa haioni. Juu kabisa, kando ya jina la nafasi, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: 45–60.

Nafasi mbili, meza moja

Niwaeleze kwanza nilifikaje pale. Mimi ni mhasibu hapa Nakuru, na biashara ambazo hazina HR wa kudumu huniita mara moja moja nikae kwenye paneli niulize maswali ya hesabu, unapewa chai na mandazi na kitu kidogo cha mafuta ya gari. Hii kampuni sitaitaja na msinifuate inboksi kuuliza, huu mji tuliupa hadhi ya jiji mwaka 2021 lakini bado watu wote wanajuana.

Walikuwa wanatafuta wasaidizi wawili wa akaunti. Kazi ileile, ripoti kwa mtu yuleyule, na kwa jinsi ile ofisi ilivyo, wangekaa meza moja wakiangaliana.

Baada ya lanchi akaingia kijana mmoja, smati, viatu vinang'aa. Kwenye hesabu alikuwa wa kawaida tu, swali la kulinganisha kitabu cha pesa na taarifa ya benki lilimzungusha mpaka nikamsaidia kidogo. Lakini alipofikishwa kwenye mshahara hakuangalia meza. Alisema, "Kabla sijataja, naomba kujua mmetenga ngapi." Mwenyekiti akacheka, akamwambia wewe sema tu. Akasema 55, na kwamba yuko tayari kuongea.

Jioni tukakaa kupanga. Wote wawili walipita, na mwenyekiti, ambaye ndiye mwenye kampuni, akaandika: kijana 52, dada 30.

Nikamwambia, si bajeti inaanzia 45?

"Amesema mwenyewe. Na nimemuongezea elfu mbili juu ya alichoomba."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu aliyefanya wema. Na kwa upande fulani alikuwa anaamini amefanya wema, hicho ndicho kimekuwa kikinirudia kichwani hizi wiki zote, nikiosha vyombo, nikiwa kwa foleni pale Free Area, nikipiga peiroli ya watu wengine.

Kwani nani atamwambia?

Sikunyamaza. Nilimtajia Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, kwamba mwajiri anatakiwa kuwalipa wafanyakazi malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Nilidhani nimeweka jiwe mezani.

Akaniangalia, akamimina chai. "Kwani nani atamwambia?"

Mpaka hapo nilikuwa na ile hasira ya kawaida ambayo wengi wetu tunayo kwa wale wanaojiuza bei rahisi. Unajua ile, hawa vijana hawajiamini, chuo hakikuwafunza, mtu ana digrii anaomba mshahara wa cheti. Nimeisema hiyo maneno kwa hafla, nimeisema kanisani kwa semina ya vijana. Lakini hilo swali la nani atamwambia liligeuza mambo. Yule dada hakukosa kujiamini, mbona kwa eTIMS alijiamini? Alikosa habari moja tu, na hiyo habari ilikuwa imelala karibu na kiwiko changu, sentimita chache kutoka kwake, kichwa chini.

Yule kijana naye hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni binamu anayefanya kazi kama hiyohiyo Naivasha, alituambia mwenyewe baadaye tukiwa tunatoka, ndiye aliyemwambia usishuke chini ya 50.

Basi tofauti yote ni binamu.

Ukipiga hesabu, 52 toa 30 ni elfu 22 kwa mwezi, kwa mwaka ni 264,000. Na haiishii hapo kwa sababu nyongeza ya mwaka hupigwa kwa asilimia, kwa hivyo kila mwaka wakipewa asilimia ileile pengo linakua, na siku dada akienda intavyu nyingine ataulizwa unalipwa ngapi sasa, atasema 30, na huko nako wataanzia hapo.

Sitaki kumchora mwenye kampuni kama shetani. Ni mwanamke aliyejenga hiyo biashara kutoka kibanda, na kuna miezi amewalipa watu kwa mkopo wa sako yake mwenyewe. Alinieleza pia, na nilimwelewa, kwamba akiokoa hapo atapata pesa ya dereva wa pili. Lakini hiyo pesa ya dereva inatoka mfukoni mwa mtu ambaye hajui anachangia.

Swali la mshahara linakuja lini

Ushauri tunaopewa kila mahali ni kwamba usiguse mambo ya mshahara mpaka upewe ofa. Ngoja wakupende kwanza, ndio uwe na nguvu. Sikatai, una nguvu zaidi wakishakutaka kuliko wakiwa na sivii mia moja mezani.

Shida ni kwamba huo ushauri ulitungwa na mtu anayeenda intavyu kwa miguu au kwa basi la mtaani. Sasa chukua mtu wa Kakamega ameitwa Nakuru. Atasafiri jana yake kupitia Kisumu na Kericho, atatafuta kwa kulala, kama hana jamaa hapa atalipa lojing'i, asubuhi atoe fotokopi za vyeti, apige suti pasi kwa jirani, halafu wakati mwingine aitwe raundi ya pili wiki inayofuata, zote hizo ndio aje kuambiwa mwishoni kwamba ni elfu 18. Pesa ya safari ilitoka kwa mamake. Huyo mtu ana haki ya kujua mapema, na mapema kwangu ni ile simu ya kukuita.

Wakikupigia kusema umechaguliwa kuhojiwa, shukuru, uliza siku na mahali na nani watakuwa kwa paneli, halafu palepale, kwa sauti ileile: "Naomba pia kujua mmetenga kati ya ngapi na ngapi kwa hii nafasi, nijue kama tuko karibu kabla sijasafiri." Basi. Usieleze shida zako, usiombe msamaha kwa kuuliza.

Kwetu Magharibi hakuna mtu anayeenda kuongea mahari bila kwanza kutuma mtu aulize chini kwa chini kule wanatarajia nini, na siku ya wazee kukaa kila upande unajifanya haujui lakini unajua. Hakuna anayesema hiyo ni tamaa. Inaitwa kuheshimu safari ya watu.

Kwa kazi za serikali na kaunti sahau haya yote, kule mshahara unafuata jobu grupu na viwango vya SRC, ile tume ya mishahara ya serikali, na kubishana na paneli ni kujichosha bure. Muhimu huko ni kujua unaingia grupu gani, kwa sababu ukishaingia ndio basi.

Gurudumu la 1974

Kuna watu wanasema anayetaja namba kwanza ameumia. Wengine wanasema hapana, anayetaja kwanza ndiye anayeshika usukani. Nilikuwa upande wa kwanza kwa miaka mingi, sasa sijui, nadhani zote ni kweli na inategemea kama unajua uwanja.

Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walichapisha jaribio ambalo linatuhusu sisi kwa njia ya ajabu. Walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, lakini lilikuwa limetengenezwa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Halafu wakawauliza, nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Walioona 10 walikisia kama asilimia 25. Walioona 65 walikisia kama 45. Namba ya gurudumu haikuwa na uhusiano wowote na swali, kila mtu aliona ni bahati nasibu, na bado iliwavuta.

Ndivyo 28 ilivyofanya kazi pale mezani. Ikishatajwa, 45 iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu ikaanza kuonekana kubwa, mpaka 30 ikawa ukarimu. Nilijiona hata mimi, kwa sekunde, nikiwaza "angalau 35", wakati dakika kumi kabla ningesema 50 bila kufikiri.

Kwa hivyo kama huna habari, usitaje. Rudisha swali: mmetenga ngapi? Wakikataa mara ya pili, hapo itabidi useme, na useme kiwango ambacho chini yake ndio kile unachokitaka kweli, maana watakusikia chini tu. Ukisema kati ya 45 na 60, wao wameandika 45. Hata mimi ningeandika hivyo, ni pesa ya mtu.

Na hilo swali la unalipwa ngapi sasa, linaniudhi kuliko lote. Fomu za mashirika mengi kule Kisumu zina safu kabisa, mwajiri wa kwanza, mshahara, mwajiri wa pili, mshahara. Jimbo la Massachusetts kule Marekani lilipitisha sheria 2016, ikaanza kazi 2018, kwamba mwajiri haruhusiwi kukuuliza mshahara wako wa zamani kabla ya kukupa ofa, na Umoja wa Ulaya ulitoa agizo 2023 linalotaka mwombaji aambiwe kiwango mapema na asiulizwe historia yake. Hapa kwetu tunajaza safu. Usidanganye, wengine wataomba peislipu na ukipatikana umeanza kazi kama mwongo. Lakini kwenye paneli unaweza kusema, "Ile kazi ilikuwa tofauti na hii, ningependa tuongee juu ya hii." Inafanya kazi mara nyingine. Mara nyingine hawajali, wanangoja namba.

Neti ya 50

Hapa nitawachosha kidogo, ndio kazi yangu.

Mtu akiulizwa anatarajia ngapi, kichwani anapiga kodi ya nyumba, nauli, shule, kutuma nyumbani, anapata 50, anasema 50. Hiyo ya kichwani ni pesa ya mkononi. Anayeandika upande wa pili anaandika 50 grosi, yaani kabla ya makato. Hakuna aliyedanganya na tayari mmekosana.

Kwa viwango vya 2025, grosi ya 50,000 inakatwa hivi: NSSF, ile ya pensheni, asilimia 6, hiyo ni 3,000. SHIF, ile ya matibabu, asilimia 2.75, ni 1,375. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, ni 750. Hizo tatu zinatolewa kwanza kabla ya kodi, inabaki 44,875, na PAYE, kodi ya mshahara, ikishapigwa na ukapewa ile nafuu ya kodi ya 2,400, KRA inachukua kama 5,846. Unaenda nyumbani na 39,029.

Yaani karibu elfu 11 zimepotea katikati ya sentensi yako.

Ukitaka 50 mkononi kweli, itabidi utaje kitu kama 67,500. Watu wengi nikiwaambia hiyo namba wanashtuka, wanaona aibu hata kuitamka. Lakini ndiyo bei ya ile 50 uliyokuwa unaitaka. Na sijahesabu HELB, ule mkopo wa chuo, wala deni la sako.

Yule dada kwa 30 yake anapeleka nyumbani 26,194. Kijana anapeleka 40,286. Nilizipiga hizo hesabu usiku mmoja bila kutumwa na mtu.

Halafu kuna mambo ya nyumba. Sheria ileile ya ajira, kifungu cha 31, inasema mwajiri akupe makao ya kufaa au pesa ya kutosha kodi, isipokuwa kama mkataba umejumlisha hiyo kwenye mshahara. Wengi wanajumlisha. Kwa hivyo mtu akikuambia 40, uliza: na nyumba iko ndani au nje? Hilo swali halijawahi kumkosesha mtu kazi nikiwa kwenye paneli, na nimekaa kwenye paneli za kutosha. Kinachotokea ni mtu wa HR anapekua karatasi zake.

"Huyu atatusumbua"

Sasa nije kwenye kitu ambacho kinanifanya nisiamini ushauri wangu mwenyewe asilimia mia.

Siku ileile kulikuwa na mama mwingine, wa umri wangu hivi, ana uzoefu kuliko wote. Yeye aliulizwa mshahara akasema 60 bila kupepesa, akauliza na bima ya familia. Alitoka, mlango ukafungwa, na mtu mmoja wa paneli akasema, "Huyu atatusumbua."

Kijana alipotoka baada ya kuuliza bajeti na kutaja 55, mtu huyohuyo alisema, "Anajua anachotaka."

Sikuongeza chumvi, ilikuwa karibu hivyo neno kwa neno. Na yule mama hakuchukuliwa, ingawa kwa haki niseme pia alikuwa amezidi ile nafasi, wangemboa baada ya miezi mitatu. Lakini 60 ilikuwa ndani ya karatasi, jamani, haikuwa hata nje.

Kwa hivyo nikimwambia msichana aulize bajeti kwa simu, najua kuna ofisi ambapo jina lake litawekwa alama. Na nikimwambia mtu ambaye amekaa nyumbani tangu gredi, ana HELB inamsubiri, mdogo wake yuko fomu tatu, kwamba asitaje namba, anaweza kuniuliza kwa haki kabisa wewe unakula kwa nani. Kuna siku mtu anachukua 28 kwa sababu jana yake ilikuwa sufuri. Huyo simlaumu na sitaki kusikia mtu akimlaumu.

Ninachosema ni kwamba uchukue hiyo 28 ukijua ilikuwa 45. Ukijua, utajua pia miezi sita ijayo uombe nini.

Binti wa kaka yangu

Hii makala ingebaki kwenye daftari kama si binti wa kaka yangu, yuko Kakamega, eneo la Lurambi, alimaliza mambo ya ugavi na manunuzi. Aliitwa intavyu kampuni moja Kisumu akanipigia, "Senje, niombee." Senje kwetu ni shangazi. Nikamwambia nitakuombea, lakini umewauliza wametenga ngapi?

Kimya.

"Senje, watasema nina tamaa hata kazi sijapata."

Tukabishana vizuri. Aliniambia marafiki zake wote wanajua ukiuliza pesa umejiondoa, na kwamba mimi naongea hivyo kwa sababu nina wateja wangu, sina wa kuniogopesha. Alikuwa na pointi. Mwishowe akaandika ujumbe, tukautengeneza pamoja kwa WhatsApp, akaondoa "samahani kwa usumbufu" mbili nilizokuwa nimemwambia aondoe na moja akaiacha kwa siri.

Kampuni ya Kisumu ilijibu, "Tutajadiliana ukifika." Akaniambia unaona?

Wiki hiyohiyo akaitwa kwingine, Eldoret, na sasa kwa kuwa alishavunja aibu akauliza kwa simu palepale. Yule wa HR akamwambia bila shida yoyote, ni 20, ya mkataba wa miezi mitatu, tena bila nyumba. Hakwenda. Nauli ya Eldoret ikabaki kwa droo, na ndiyo iliyompeleka Kisumu.

Kisumu walimuuliza kwa paneli, karibu na mwisho, kama kawaida. Alirudisha swali mara moja kama tulivyokubaliana: "Nilikuwa nimeuliza kwa ujumbe mmetenga kati ya ngapi na ngapi, nikaambiwa tutaongea hapa." Anasema wanapaneli wawili waliangaliana, halafu mmoja, mzee fulani wa stoo ambaye hakuwa ameongea sana, akasema tu, "Ni 38 hadi 46." Hivyo. Labda mzee alikuwa amechoka, labda ana binti. Sijui.

Mtoto wa watu akasema 46, grosi, na akauliza nyumba iko ndani ama nje.

Wakampa 43, nyumba ndani. Nilipiga kelele mpaka mwenye duka jirani akaja kuuliza kuna nini. Na kabla ya hiyo simu ya bajeti, unajua alikuwa amepanga kusema ngapi? 25.

Laini moja kwenye barua

Ofa ilikuja kwa imeili Ijumaa jioni, kama wanavyopenda, ukiwa na wikendi ya kuogopa. Akanitumia niisome. Vitu vingi viko sawa, likizo siku 21 za kazi, probesheni miezi sita, ambayo ndiyo mwisho unaoruhusiwa kwa mara ya kwanza, wakitaka kuiongeza lazima wewe ukubali na jumla isipite mwaka.

Lakini kuna laini moja. Inasema mshahara "utaangaliwa upya baada ya probesheni kulingana na utendaji."

Kwenye simu walikuwa wamemwambia atafika 46 akithibitishwa. Kwenye barua 46 haipo, hakuna namba wala tarehe. Kuangaliwa upya hata mimi naangalia nguo kwenye dirisha la duka kila siku.

Hapa katikati ya ofa na sahihi ndipo mahali pazuri pa kuongea, na watu wengi wanaparuka kwa furaha. Wameshakuchagua, wameshawaambia wengine pole, wakikukosa wanaanza upya. Si wakati wa kufungua vita, ni wakati wa kuomba walichosema kiandikwe. Ajira ya miezi mitatu kwenda juu lazima iwe na mkataba wa maandishi, na mshahara ni moja ya vitu ambavyo lazima viwe ndani, kwa hivyo huombi upendeleo.

Tulimwandikia yule wa HR imeili fupi, madam, asante kwa ofa, nimeipokea kwa furaha, katika mazungumzo tulikubaliana 46,000 baada ya kuthibitishwa, naomba hiyo iwekwe kwenye kipengele cha mshahara pamoja na tarehe ili nisaini. Mara hii hakuweka samahani hata moja, nilihesabu.

Mpaka naandika hapa hawajajibu, na siku ya kuripoti ni Jumatatu. Kakangu amenipigia ananilaumu, anasema nimemharibia mtoto kazi kwa ajili ya elfu tatu. Nimemwambia ni elfu 36 kwa mwaka. Akasema hizo ni hesabu zako za Nakuru. Mtoto mwenyewe ameniandikia kwamba kesho asubuhi saa tatu atawapigia simu, na wakikataa kuiandika ataenda tu kwa 43, lakini atakuwa amewasikia wakikataa.